Wanaume Wasome Yao, Wanawake Wasome Yao

Ukitaka kujua mlokole wa kwetu Kasulu anasoma nini katika Biblia yake, usimuulize mwenyewe. Atakujibu kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wa mlokole hauaminiki. Ifunge Biblia yake, uitazame ubavuni. Zaburi zimekuwa nyeusi kwa vidole, Injili zimevimba kwa mvua na jasho, nyaraka zimechorwa mistari kwa kalamu za kila rangi. Karibu na katikati utaona kurasa chache zimelala nyeupe, bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Hizo ni kurasa za ule wimbo wa mapenzi. Kanisani kwetu hata jina lake hatukulitaja. Tuliuita "kile kitabu", kwa sauti ile ile tunayotumia kumtaja jirani anayepika gongo.

Nimezaliwa Kibondo, nimezeekea Kasulu, na kote huko nimesikia mahubiri juu ya kila kiumbe kilichomo ndani ya Biblia, hadi punda. Juu ya wale wawili wanaopendana sikuwahi kusikia hata moja. Kwa hiyo mchungaji wetu aliporudi kutoka semina fulani ya wachungaji, na begi jipya mgongoni, akatangaza kwamba kipindi kinachokuja tutafundishwa kile kitabu, washirika wote walitazama sakafuni kama watu walioulizwa nani kala sadaka.

"Na atakayefundisha," akaendelea, "ni mama mwalimu."

Mama mwalimu ni mimi. Nafundisha Kiswahili sekondari, basi mashairi ni kazi yangu. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa hadharani. Sababu ya pili hakuisema, lakini ilionekana: mimi ni mjane, na kwa akili za kanisa letu mjane ndiye mtu salama wa kukabidhiwa habari za mapenzi, kama vile asiye na meno anavyofaa kulinda nyama. Hawakujua kwamba marehemu mume wangu alikuwa mropokaji wa kupindukia. Mtu yule aliweza kuusifia mchuzi wangu wa maharage mpaka nikaona haya mbele ya wageni. Tangu afe, nyumba yangu ina kila kitu isipokuwa yale maneno yake, nami nayakumbuka kuliko hata sura yake.

Nilikubali haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Sababu yangu mimi ilikuwa imelala chumba cha pili nyumbani kwangu, imegeukia ukutani.

Mdogo wangu alikuwa amekuja kwangu wiki chache kabla na begi lake, akasema kwa lugha ya nyumbani kwamba amemwahukana mumewe, yaani ametoka, amemwacha. Mumewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa letu hili hili. Walikaa ng'ambo ya kijito, mwendo mfupi tu. Watu walikuja kwangu kutafuta kosa. Amempiga? Hapana. Ana mwanamke? Hana. Anakunywa? Mlokole yule? Anamnyima chakula? Ghala limejaa mahindi. Basi wakarudi kwao wamenuna, kwa sababu hakuna kinachowaudhi watu kama ugomvi usio na kosa la kusimulia.

"Dada," aliniambia jioni moja tukichambua mchele, "tangu anioe hajaniambia neno."

"Neno gani?"

"Lolote ambalo hawezi kumwambia mtu mwingine. Ananiambia chumvi imekwisha. Ananiambia kesho tunapalilia. Juzi juzi nilivaa kitenge kipya, nikasimama mbele yake mpaka mguu ukafa ganzi. Ameniambia nimemzibia mwanga."

Nilicheka, naye akanitazama kwa jicho ambalo lilinifanya niache kucheka.

Na huyo shemeji yangu, lazima niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Mbele ya kwaya alikuwa na ulimi wa dhahabu. Alimwita Mungu mzuri, wa ajabu, wa thamani, nuru ya macho yake, tena kwa sauti nne na kurudia pambio mara zisizohesabika. Akifika nyumbani, maneno yote yamekwisha. Alikuwa ameokoka akiwa kijana, akafundishwa kwamba maneno matamu kwa mwanamke ni mambo ya redioni na ya walevi wa kilabuni, na alilishika fundisho hilo vizuri kuliko aliyemfundisha.

Wazee wa kanisa walikuwa wameshatoa msimamo wao: mdogo wangu arudi kwa mumewe, la sivyo atatengwa. Mdogo wangu naye alikuwa na wa kwake: atakwenda Kakonko. Kuna rafiki yake huko anauza nguo sokoni, alishampatia chumba na nusu ya meza. Nilimwomba asubiri mpaka masomo ya kile kitabu yaishe.

"Yakiisha je?"

"Yakiisha nenda. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi."

Alikubali kwa namna unavyokubali dawa ya kienyeji kutoka kwa mtu unayempenda. Kwa hiyo nilipokishika kile kitabu, shabaha yangu ilikuwa moja: mdogo wangu asipande lile basi. Nilikusudia kulifundisha kanisa zima ili mwanamume mmoja asikie. Kitheolojia hiyo ni sababu mbovu, najua.

Kabla ya somo la kwanza niliitwa mbele ya baraza la wazee. Mzee kiongozi alikuwa amejiandaa. Alikuwa ndiye mtu mwenye ufunguo wa kila fumbo la Maandiko, na ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu, akafungulia milango yote kwa huo huo. Mwanamke yule wa kwenye wimbo, alinieleza, ni kanisa. Shingo yake ndefu ni mnara wa kengele ambao tumeshindwa kuumalizia. Meno yake yaliyo mawili mawili ni wainjilisti, maana nao hutumwa wawili wawili.

"Na hapa," akasema, akiweka kidole gumba juu ya ukurasa ili asipaone, "hapa palipo pawili, ni Agano la Kale na Agano Jipya."

"Na kitovu, mzee?"

"Kitovu ni ofisi ya dayosisi," akajibu bila kupepesa macho.

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alikohoa kidogo na kutazama dirishani.

Nikawaambia, kwa upole wote nilionao, na sina mwingi, kwamba sikatai hata kidogo kuwa Mungu anatupenda. Lakini hapa mbele yetu ni mwanamume na mwanamke, wana pua, wana miguu, wanatafutana na kuambiana. Tukiwaruka hao wawili na kukimbilia mnara wa kengele, tunamwambia Mungu kwamba aliteleza kuwaweka humo, na sasa sisi tunamsitiri.

"Mama mwalimu," akasema mzee, "kuna mabinti mle kanisani. Kuna vijana, damu inachemka. Kuna wajane kama wewe."

Hapo hakukosea kabisa, nami nilimwambia hivyo. Kulikuwa na mabinti. Kulikuwa pia na kina mama ambao kitanda kwao ni mahali pa hofu, na huwezi kusimama mbele ya mtu kama huyo ukamwambia mapenzi ni asali tupu. Nilishawahi kuhudhuria semina ya ndoa ya mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye kipaza sauti na jasho, aliyefundisha habari za shanga mpaka kina mama wakajifunika kanga usoni. Hilo nalo sikulitaka. Nilitaka tusome kilichoandikwa, polepole, kama wimbo, tuwaache wale wawili waseme wenyewe. Nilidhani nimeeleweka.

Wazee wakanong'onezana kwa Kiha. Kisha mzee kiongozi akatoa uamuzi, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata suluhisho.

"Wanaume wasome yao, wanawake wasome yao."

Maana yake ilikuwa hii. Kila lililosemwa na mwanamume ndani ya wimbo litachapwa kwenye karatasi yake, wapewe wanaume, wasome kanisani na mzee. Kila lililosemwa na mwanamke litachapwa kwenye karatasi nyingine, wapewe wanawake, wasome na mimi kwenye jiko la nyuma. Hivyo hakuna mwanamume atakayesikia mwanamke akitamani, wala mwanamke hatasikia mwanamume akisifia. Adabu italindwa, na Neno la Mungu litakuwa limefundishwa lote, bila kupunguza hata nukta.

"Mzee, haya ni mazungumzo," nikasema. "Wanajibizana."

"Ndiyo maana," akasema mzee.

Baraza likasema amina. Nilitaka kuinuka niwaachie karatasi zao, kisha nikakumbuka stendi na basi la Kakonko. Nikaitika amina kama wengine, na meno yangu yameumana.

Jiko la kanisa lina mawe matatu makubwa, masufuria ya sherehe yaliyoegemezwa ukutani, na moshi wa miaka yote. Humo ndimo tulimosoma. Mlangoni alikaa mke wa mzee kiongozi, bibi mmoja mnyamavu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akakulia Kagerankanda kwenye mashamba na sasa ni raia kama mimi na wewe. Kila mtu alijua ametumwa na mumewe kusikiliza. Hakujificha, alikaa na mikono mapajani, akasikiliza.

Sasa fikiria karatasi yetu ilivyokuwa. Mwanamke anaita. Mwanamke anauliza mpenzi wake anachunga wapi mchana. Mwanamke anaamka kitandani, anazunguka mji mzima akimtafuta, anawauliza walinzi. Mwanamke anafungua mlango. Na kila baada ya wito, mahali ambapo mwanamume anajibu, mchapaji wetu aliacha nafasi nyeupe, safi, nzuri sana kwa kuandika oda ya vitunguu.

Tulipofika ukurasa wa pili, mama mmoja muuza dagaa akainua mkono.

"Mwalimu, huyu bwana hajibu?"

"Anajibu. Ila majibu yake yako kule kwa wanaume."

"Ah," akasema, "basi ni wa kwetu kabisa."

Jiko zima likacheka. Nilicheka nami, lakini niliwatazama wanavyocheka, na wengine walikuwa wanafuta macho kwa namna isiyo ya kicheko. Baada ya hapo hawakuuliza tena. Walisoma ile karatasi kwa ufasaha mkubwa, mmoja mmoja, kila mtu akimwita mtu asiyeitika, na nilisikia kwamba hawasomi habari za mtu mwingine.

Mdogo wangu alikaa nyuma kwenye kuni. Alikuwa ameacha kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya mumewe, kwa hiyo Jumapili alikuwa na muda wa kutosha wa kuja kuvunjika moyo jikoni kwetu. Siku tuliyosoma habari za kutafuta mjini, tulirudi nyumbani pamoja, tukavuka barabara ya lami.

"Yeye angalau alikuwa na pa kumtafuta," akasema. "Wangu mimi alikuwa mezani, anakula."

"Subiri tumalize."

"Tumalize nini, dada? Hata ndani ya Biblia hajibiwi. Umenifundisha vizuri sana."

Jioni ile nilimwona anakunja nguo zake upya, vizuri zaidi, kama mtu ambaye hatafungua begi hilo njiani. Nilikaa jikoni kwangu na hasira ya kuweza kuchemsha maji. Nimeombwa kufundisha wimbo wa mapenzi, nikaufanya kuwa hati ya talaka, tena kwa idhini ya baraza.

Upande wa wanaume, mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mzee mwenyewe alinisimamisha uwanjani kunipa taarifa. "Tumebarikiwa sana," akasema. "Tumeona mume anavyosema tangu mwanzo hadi mwisho, na mke amenyamaza kimya. Hakujibu hata neno moja. Mke mwema! Tumewaambia vijana, tafuteni wa namna hiyo."

Alikuwa anasema kwa moyo wake wote.

Na siku hiyo hiyo shemeji yangu alinifuata pale nyuma ya kanisa, akipangusa kinanda chake kwa kitambaa, akajikohoza. Hakumtaja mkewe. Aliuliza kama mimi ni mzima, kama mvua imefika kwenye mahindi yangu, kama paka yu mzima. Kisha akasema, "Shemeji, yule jamaa wa kwenye kitabu anajisumbua bure. Anasifia macho, anasifia nywele, anasifia mpaka miguu. Mke wala. Kimya! Ndiyo maana watu wengine tunaona bora tusianze."

Kulikuwa na sufuria la sherehe karibu na mkono wangu, na ninamshukuru Mungu lilikuwa zito. Mwanamume anaogopa kusema kwa sababu hatajibiwa. Mwanamke anaondoka kwa sababu hakuna anayesema. Katikati yao kuna ukuta wa jiko la kanisa, na ukuta huo tumeujenga sisi kwa sala.

"Shemeji," nikamwambia, "anajibiwa."

"Kwenye karatasi yetu hamna," akasema, na akaondoka na kinanda chake.

Jumapili ya mwisho, kwa desturi yetu, kila darasa husimama mbele ya kanisa na kuonyesha lilichojifunza. Mzee alipanga wanaume wasome kabla ya sadaka, wanawake wasome baada ya matangazo, ili vitu hivyo viwili visikaribiane. Mdogo wangu alikuja akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Begi lake lilikuwa tayari sebuleni kwangu, na basi lilikuwa la kesho yake asubuhi.

Namshukuru Mungu kwa ubovu wa ratiba zetu. Kwaya tatu ziliimba, kila moja ikarudia. Mgeni aliyeombwa atoe salamu akatoa mahubiri. Mtu mmoja alishuhudia jinsi alivyopona tumbo, kwa kina. Mpaka yote hayo yanakwisha, mchungaji alikuwa anatazama saa yake kama mtu aliyeacha wali jikoni, sadaka ilishakusanywa kabla darasa lolote halijasoma, na wazee walikuwa wameingia ofisini na vikapu. Nikasogea, nikamnong'oneza.

"Mchungaji, ili kuokoa muda, madarasa yote mawili yasimame pamoja. Wapokezane tu. Watamaliza upesi."

Kanisani kwetu unaweza kumwomba mtu asamehe, akakataa. Mwombe aokoe muda mchana wa Jumapili, na atakukumbatia. "Haraka basi," akasema mchungaji.

Wanaume wakasimama kulia, wanawake kushoto. Kwa upande wa wanaume alisoma shemeji yangu, kwa sababu ya sauti yake. Kwa wanawake niliwaambia wasome wote kwa pamoja. Nikawapa ishara nani aanze, mengine nikayaachia karatasi.

Wakaita wanawake. Na kabla sauti zao hazijapoa, mwanamume akajibu.

Nilisikia viti vikilia. Wanawake waligeuza shingo wote kwa mara moja. Shemeji yangu alisoma sifa yake ya macho, akanyamaza kama alivyozoea darasani, tayari kuendelea na inayofuata, na katika nafasi ile wanawake wakamjibu. Akainua kichwa. Akaitazama karatasi, akawatazama wanawake, akarudi kwenye karatasi. Kijana mmoja nyuma akapasua sauti, "Kumbe wanachat!" na hakuna aliyemkemea, kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza. Alipofika mahali ambapo nywele za binti zinafananishwa na mbuzi wanaoteremka mlimani, hapakuhitajika tafsiri yoyote ya dayosisi. Kila aliyekuwa mle amewahi kuona mbuzi wanateremka kilima jua likizama, wanameta, hawana haraka. Mtu akasema "Ego!" kwa sauti nzito ya chini, yaani ndiyo, ni kweli.

Hapo ndipo vigelegele vikapigwa. Vilitoka kwa mke wa mzee kiongozi. Yule bibi mnyamavu wa mlangoni alikuwa amesimama, mkono mmoja hewani.

"Mana yanje, Mungu wangu!" akasema. "Alikuwa ananiambia hivi! Huyu mzee! Amaso y'inyana, alikuwa ananiambia nina macho ya ndama! Kabla hajaokoka!"

Na mzee wetu alikuwa ndiyo kwanza anatoka ofisini na kikapu kitupu. Kanisa likalipuka. Watu walicheka mpaka mabenchi yakasogea, kina mama wakamwitikia bibi kwa vigelegele vyao, na mzee akasimama palepale na kikapu, masikio yamemwiva. Nilitegemea atakemea. Aliketi kwenye benchi la watoto wa Sunday school, magoti juu, akamtazama mkewe kama anayejaribu kukumbuka kitu alikiweka wapi.

Nilifurahi, sikatai. Kisha nikatazama kule mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amekaa vilevile, mikono imefungwa kifuani.

"Vizuri," aliniambia tukitoka. "Amesoma vizuri. Hata matangazo ya mazishi anasoma vizuri."

Mchana ule wakaja nyumbani kwangu: mzee kiongozi, mzee mwingine wa kumsindikiza, na shemeji yangu katikati yao, amevaa koti. Nikatoa chai na mihogo. Mdogo wangu akakaa kwenye mkeka karibu na begi lake. Mzee kiongozi akasafisha koo, akaanza.

"Kijana wetu amekuja. Anasema ametafakari. Anasema nyumba imekuwa baridi, na kwamba yeye kwa upande wake..."

"Mzee," mdogo wangu akamkata, kwa heshima lakini akamkata, "mimi nimeolewa na nani?"

Na kusema kweli swali lilikuwa na haki yake. Kwetu, siku ya kuposa, bwana harusi haongei. Anaingia na wenzake, anakaa, anainamisha kichwa. Msemaji wake ndiye anayesimama na kumsifia binti, anawataja ng'ombe, anatania, anaapa, mpaka wakwe wanacheka na kukubali. Bwana harusi akifungua mdomo, anaonekana hana adabu. Ni desturi nzuri kwa siku moja. Na msemaji wa shemeji yangu siku ile alikuwa huyu huyu mzee kiongozi.

"Kuposa ulisema wewe, mzee," mdogo wangu akaendelea. "Ulisema vizuri, mpaka mama yangu akalia. Harusini akasema mchungaji. Leo umekuja kusema tena. Huyu ameleta nini, koti?"

Mzee akaweka kikombe chini. Nafikiri yale ya kanisani yalikuwa bado yanamchoma masikioni. Siku nyingine angemtolea mstari wa Maandiko, lakini alimgeukia shemeji yangu akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Sema mwenyewe."

Shemeji akaingiza mkono mfukoni akatoa ile karatasi ya wanaume. Mdogo wangu akainuka, akaichukua mkononi mwake, akaikunja na kuiweka chini ya chupa ya chai.

"Hayo ni ya mwenye wimbo. Ya kwako?"

Jasho lilimtoka yule mtu kama anayevuta ng'ombe shimoni. Alitazama dari. Alitazama mihogo. Mimi, mwenye mdomo wa kila siku, nilijibana nisimsaidie, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Sauti ya pili," akasema mwishowe, "ina shimo. Tangu utoke. Nikiinua mkono nalisikia."

"Hilo ni la kwaya."

"Ndiyo. Nyumbani napika ugali wa watu wawili. Kila siku. Nusu nawapa kuku."

"Kwa nini usipunguze unga?"

"Mkono unakataa."

Mzee mwingine alitaka kusema, mzee kiongozi akamgusa goti.

"Na siku ile ya kitenge," shemeji akasema, na sauti yake ile ya dhahabu ilikuwa imekauka kabisa, "niliona. Niliona vizuri sana. Niliogopa, nikasema mwanga."

Mdogo wangu aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika. Nami nililia, kwa ajili yake, na kwa ajili ya mropokaji wangu aliye kaburini, sikujali nani ananiona. Alipogeuka tena, alichukua kikombe cha mumewe kilichopoa, akakimwaga nje ya mlango, akamwekea chai nyingine ya moto.

Mzee kiongozi akashusha pumzi ndefu. "Bwana asifiwe," akasema, akijiinua. "Tuombe, kisha binti achukue begi lake twende."

"Begi libaki," akasema mdogo wangu. "Kakonko siendi. Kwake nako siendi leo. Aje kesho aseme lingine. Na kesho kutwa. Aje peke yake."

Wazee wakatazamana. Shemeji yangu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatikisa kichwa kukubali kabla hajaulizwa.

"Sasa, binti," mzee akasema, amechanganyikiwa kabisa, "mchungaji anasubiri jibu. Nimwambie umerudi, au hujarudi?"

"Mwambie naposwa."